Doa Lisiloungua

Daktari Rashad aliitandaza leso nyeupe juu ya meza, akaiweka kofia ya jino katikati yake, kisha akaisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka mbele ya Hizam, kama mtu anayesogeza kete ya mwisho katika mchezo aliokwisha kuushinda.

"Haya, tazama mwenyewe, Afande. Mimi macho yamechoka."

Ilikuwa kauri ile inayovikwa juu ya gego lililosagwa, tupu ndani kama ganda la njugu. Ilitoka kwenye majivu ya gari la Ghalib, lile lililoporomoka na kuwaka chini ya kona za mlima wa Sumara. Mtu aliyekuwamo aliungua kiasi kwamba kilichobaki kilizikwa ndani ya blanketi moja, na blanketi lenyewe halikujaa. Fuvu lilikuwa limepasuka kwa joto, meno yamekuwa unga. Kofia hii tu ndiyo iliyotoka nzima, nayo ndiyo iliyosema maiti ni nani.

Na ikiwa maiti ni Ghalib, basi muuaji alikuwa Mukbil. Mji mzima wa Ibb ulijua hivyo. Mukbil ni kaka wa Arwa, mke wa Ghalib. Aliona alama za vidole kwenye mkono wa dada yake, akamfuata shemeji yake mpaka kwenye baraza la mirungi, akasimama viatu miguuni katikati ya watu waliokaa, akasema: "Ukimgusa tena nitakuchoma ndani ya hilo gari lako." Wiki haikuisha, gari likaungua. Mahakama gani ingetaka zaidi ya hapo? Sasa Mukbil alikuwa jela, ndugu za Ghalib walikuwa wamekataa fidia na kudai kisasi, na hukumu ilikuwa isomwe kesho asubuhi.

Kazi ya Hizam ilikuwa ndogo mno: kuichukua kofia ya jino, kuitia kwenye bahasha, kuifunga kwa lakiri na kuipeleka mahakamani. Lakini Hizam alikuwa mtu wa kukagua hata chenji ya msikitini. Akavuta kiti.

"Nihadithie tena."

"Nimeshakuhadithia mara tatu!"

"Nina kichwa kibovu, Daktari. Nisaidie."

Daktari Rashad akavuta pumzi kwa pua. "Niliivika mimi, kwa mikono hii, miaka minane iliyopita. Gego la chini, kushoto. Fundi Sinan ndiye aliyeitengeneza. Alitaka kuipaka rangi kidogo ifanane na majirani zake, Ghalib akakataa katakata. Akasema, nataka kama maziwa, Daktari, hili ni jino la kuolea. Nikamvika kama maziwa."

"Leo si maziwa."

"Leo ni mirungi. Unauona huu ukingo wa kahawia unaopanda kutoka kwenye ufizi, upande wa shavu? Ulivyo mzito chini, ukifika juu unafifia? Huyo ni mtu aliyetunza mirungi shavuni kila alasiri kwa miaka minane. Hata ningeletewa kofia hii bila jina, ningekwambia tu: mwenye kinywa hiki ni Myemeni, na ni wa shavu la kushoto."

Hizam alikuwa amekwisha kulitafuna hilo la shavu tangu jana. Wengi hujaza la kushoto, ila wapo wa kulia, na yeye mwenyewe ni mmoja wao. Alidhani hapo ndipo patakapovuja. Akapita kwa watu waliokaa na Ghalib, mmoja mmoja, akawaomba wamwigize marehemu. Wote walivimbisha shavu la kushoto, na mmoja akalia machozi palepale huku shavu limevimba. Njia hiyo ikafa.

"Ulipoletewa ilikuwaje?" aliuliza.

"Nyeusi kama sufuria ya mchuzi wa salta. Nikaisugua kwa mswaki na maji. Masizi yakatoka, doa likabaki."

"Doa likabaki."

"Ndiyo nasema hivyo. Una masikio mabovu pia?"

Hizam aliinua kofia kwa vidole viwili, akaielekeza dirishani. Nje mvua ya Ibb ilikuwa inanyesha bila haraka yoyote.

"Daktari, nyumbani kwako mkate unaokwa wapi?"

"Kwenye tanuri, kama kwa mama yako."

"Mama yangu akiwasha, kuta za tanuri zinakuwaje?"

"Nyeusi."

"Na anajuaje kwamba sasa moto umekolea, abandike mkate?"

Daktari aliivuta leso yake karibu. Kila mtoto aliyewahi kutumwa jikoni analijua jibu hilo. Kuta za tanuri hugeuka nyeupe. Moto ukikolea huula weusi wake wenyewe.

"Moto uliosaga mifupa," alisema Hizam polepole, "ukashindwa na majani ya mirungi?"

"Mimi ni tabibu wa meno. Mambo ya mikate waulize waokaji."

"Sawa. Lakini ukienda kesho mbele ya hakimu, utaapa kwamba doa hili ni la mirungi?"

Daktari Rashad aliikunja leso yake mara mbili, kwa uangalifu, ingawa haikuwa na kitu tena ndani yake. "Karakana ya Sinan iko nyuma ya soko la majambia," alisema. "Na usimwambie mimi nimekutuma. Ana ulimi mchafu."

*

Fundi Sinan alikuwa mtu mnene mwenye vidole vyembamba, miwani miwili, mmoja puani na mmoja juu ya kipaji. Alimpokea Hizam kwa furaha ya mtu asiyependa polisi.

"Karibu, karibu, mkono mrefu wa serikali! Fungua kinywa nikuone. Lahaula. Nani aliyekuvika hilo la kulia? Linacheza kama mlango wa choo."

"Linacheza tangu Ramadhani."

"Na lina rangi ya kiatu. Mirungi gani unatafuna wewe, ya kulishia mbuzi?"

"Mshahara wa serikali, Fundi. Tunatafuna tunachopata."

Hizam alicheka naye huku macho yakitembea. Chumba kilikuwa chembamba. Ukutani rafu juu ya rafu, na juu ya rafu hizo vinywa vya plasta vya mji mzima, vimepangwa kwa majina, vimeachama kimya. Vyote vilikuwa na vumbi, tena vumbi la miaka, limelala kama blanketi. Isipokuwa kimoja. Rafu ya tatu, karibu na mwisho, palikuwa na kinywa kimoja kisafi katikati ya wenzake wachafu. Kwenye meza kulikuwa na brashi nyembamba, vibati vya rangi, na tanuri dogo la umeme, mviringo, refu kama debe la samli.

Hakugusa rafu. Alikaa, akaifungua bahasha.

"Nina kazi ndogo. Nataka unichomee vitu viwili humo."

Sinan aliitazama kofia ya jino iliyotoka kwenye bahasha. Miwani ya juu ilishuka ikakaa juu ya ile ya chini.

"Hii si ya mahakama?"

"Ni ya mahakama."

"Na ya pili?"

Hizam alitia vidole viwili kinywani, akaikamata kofia yake ya kulia, akaitikisa mara moja, mara mbili, ikatoka. Akaiosha kwa maji ya birika na kuiweka mezani, kahawia kama alivyosifiwa. "Hii ya pili," alisema, na sasa upepo ulikuwa unapenya kwenye pengo, maneno yanatoka na filimbi. "Kauri kwa kauri. Yangu ina miaka sita."

"Zitapasuka, Afande."

"Zikipasuka nitajilaumu mwenyewe."

"Tena kidhibiti cha mahakama! Mimi sitaki matatizo."

"Moto huu unapita ule wa gari?"

Sinan alitikisa kichwa.

"Basi iliyotoka kwenye ule itatoka kwenye huu. Washa, ndugu yangu. Au unaogopa nini?"

Sinan alizisimika kofia zote mbili juu ya sindano za kauri, akaisukuma sahani ndogo ndani, akafunga. Tanuri likaanza kuguruma. Ni kazi ya taratibu, moto wa namna hiyo haukimbizwi. Alimimina kahawa ya maganda kwenye vikombe viwili, na mkono wake ulikuwa imara kabisa. Hizam aliliona hilo pia. Mikono ya watu wa kazi hii haitetemeki hata wanapoogopa. Shingo ndiyo inayotoa jasho.

"Daktari Rashad anasema ungekuwa Kairo ungekuwa mtu mkubwa," alisema Hizam. Daktari hakuwa amesema kitu cha namna hiyo.

"Rashad? Rashad hajui tofauti ya jino na sabuni."

"Anasema kutengeneza jino jeupe kama lako hakuna anayeweza."

"Jino jeupe!" Sinan aliweka kikombe chini. "Jino jeupe ni kazi ya mwanafunzi, bwana. Mpe mtu yeyote unga na maji. Kazi ni kuchora uzee. Ufa mwembamba ambao mwenyewe hajui kama anao. Kivuli cha chai pale meno yanapokutana. Mtu akija na meno yake kumi na tano yaliyochakaa, ukimwekea la kumi na sita linang'aa, umemfedhehesha, kila akicheka wanalitazama hilo. Unamchorea uchakavu wake. Kwa brashi hii. Unaiona? Nywele tatu."

"Rangi haibanduki?"

"Itabanduka wapi? Unapaka, unachoma. Juu yake unapaka kioo, unachoma tena. Rangi iko chini ya kioo. Sugua mpaka uzeeke."

"Na mirungi?"

"Mirungi inakaa juu, ni uchafu tu, huo…"

Tanuri lilikuwa linaguruma. Wote wawili walilitazama kama watu wanaosubiri mgeni ambaye mmoja wao hakumwalika.

"Endelea," alisema Hizam. "Mirungi ni uchafu tu, huo moto huuchukua?"

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Kunywa kahawa, inapoa."

Hakuna aliyekunywa. Tanuri lilipofika kwenye kilele chake lilipiga kengele nyembamba, likaanza kupoa, nao wakakaa. Mtu alibisha hodi na mdomo uliovimba, Hizam akamwambia arudi baadaye. Mwishowe Sinan alifungua, akaivuta sahani kwa koleo, uso wake ameugeuzia pembeni.

Kofia ya Hizam ilikuwa nyeupe. Miaka sita ya alasiri, ya majani ya bei rahisi, ya chai na sigara za wenzake, yote imetoweka. Ilikaa juu ya sindano yake kama jino la mtoto.

Kando yake, ile iliyotoka Sumara ilikuwa na ukingo wa kahawia uleule, mzito chini, juu unafifia. Hata chembe moja haikuondoka.

"Yangu ilikuwa na mirungi na sasa haina," alisema Hizam. "Hii imechomwa Sumara, imechomwa hapa, na bado ina mirungi. Nani aliyeichora?"

"Mafundi ni wengi."

"Wenye brashi ya nywele tatu?"

"Labda ile ya kwanza niliipaka, miaka hiyo, nimesahau…"

"Ya kwanza ilikuwa kama maziwa. Ghalib aliitaka hivyo, Daktari aliivika hivyo, na wewe ulikasirika. Fundi, rafu ya tatu ile, karibu na mwisho. Kinywa cha nani kile kilichofutwa vumbi?"

Sinan hakugeuka kutazama rafu. Alivua miwani yote miwili, akaiweka mezani, na uso wake ukawa mdogo ghafla.

"Alikuja mwanamke," alisema.

"Lini?"

"Kabla ya gari. Wiki mbili, hivi. Amejifunika, macho tu. Akasema, jino la mume wangu limetoka, kalimeza akila, anaona aibu kuja. Umbo lake si unalo? Nikamwambia ninalo, mimi situpi kinywa cha mtu. Akasema, basi tengeneza jingine, lakini lisiwe jeupe kama lile la kwanza. Watu wa huku wakiona jino jeupe kinywani mwa mtu wa mirungi watauliza. Lichore kama majirani zake."

"Alisema 'mume wangu'."

"Mume wangu Ghalib. Ndivyo alivyosema."

Ghalib alikuwa na mke mmoja tu. Hizam aliitoa karatasi, akaiweka juu ya goti, lakini hakuanza kuandika.

"Akili ya huyo mke na mumewe haikuwa mbaya," alisema. "Mtu wa nchi nyingine angelitupa jino jeupe motoni, likapita bila swali. Wao waliogopa macho ya watu wa hapa. Wakalichafua, ndilo kosa." Akainua macho. "Na wewe ukasikia jino la Ghalib limemfunga Mukbil. Ukanyamaza."

"Nani aliniuliza? Walimwita Daktari. Daktari akasema jino ni lile. Mimi ni nani nimpinge Daktari?"

"Umetoka kuniambia hajui jino na sabuni."

"Afande, nina watoto."

"Mukbil naye ana shingo."

Sinan alifuta kipaji kwa kiganja. "Nilikwenda mazikoni," alisema. "Nilisimama safu ya pili."

"Ulimswalia nani?"

"Sijui. Wallahi sijui ni nani yule." Kisha, kama mtu asiyeweza kujizuia, akaitazama ile kofia kwenye sahani, na pembe ya mdomo wake ikasogea. "Lakini ilipita, Afande. Kwa Daktari, kwa mwendesha mashitaka, kwa mahakama nzima. Hakuna aliyejua."

Hizam aliandika mpaka mwisho, akaisogeza karatasi mezani pamoja na wino. Alikuwa amewahi kukamata wezi waliojisifu na wauaji waliojisifu, lakini huyu ndiye wa kwanza kujisifia brashi.

"Weka kidole hapa," alisema. "Na hapa."

*

Katika jela kuu, saa ya chakula cha mchana, Mukbil alikuwa amekaa ukutani, mfupi, kifua kipana, ndevu zimeota ovyo. Pingu za miguuni zilimfanya akae kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Umekuja kunipima shingo?"

"Nimekuja kukuamkia."

"Mbona unapiga filimbi? Nani kakung'oa jino?"

"Nimelitoa mwenyewe kwa ajili yako. Unanidai shukrani, au mimi ninakudai, sijui." Hizam alichuchumaa mbele yake. "Ghalib yu hai, Mukbil. Yule ndani ya gari si yeye. Jino lilitengenezwa upya na kutupwa mle. Ninayo karatasi ya fundi, ina kidole chake. Kesho asubuhi kabla ya hukumu itasomwa, na wewe utatoka."

Mukbil alicheka. Alicheka mpaka mfungwa wa pembeni naye akaanza kucheka bila kujua kwa nini, kisha akaacha, na yule mwingine akaacha pia.

"Nani alilipeleka?"

"Fundi hakuuona uso."

"Sikuuliza uso."

Hizam alinyanyuka, akakaa kwenye ukingo wa jiwe.

"Alisemaje huyo mtu kwa fundi?" Mukbil aliuliza tena. "Alijitambulisha vipi?"

"Alisema 'mume wangu'."

Mlinzi alipita na funguo zake, akarudi.

"Jana alikuwa hapa," alisema Mukbil. "Alinishika mkono kwenye vyuma hivyo. Akalia. Akaniambia, kula, kaka yangu, usikonde." Aliutazama mkono wenyewe, akaugeuza. "Mimi nimeingia humu kwa ajili ya mkono wake yeye."

"Najua."

"Hujui. Mpwa wangu Haitham ana umri gani sasa? Hata siku ya kuzaliwa kwake nilikuwapo, na sikumbuki."

"Sita, saba."

"Unajua Ghalib alikuwa anamkimbia nani?"

Hizam alijua. Wote walijua. Ghalib alimuua kwa risasi mtu wa Bonde la Juu kwa ugomvi wa chemchemi, na watu wa Bonde la Juu walikuwa wakimsubiri tangu hapo. Siku ya mazishi walikuja wote, wakasimama mbali kidogo, mzee wao akasema kwa sauti: kwetu sisi hili limekwisha. Wakaondoka bila hata kunywa maji.

"Wakisikia yu hai watamtafuta Ghalib," alisema Hizam.

"Ghalib yuko ng'ambo ya bahari huko, anaoga na kulala. Wao watamtafuta wapi? Damu wataidai kwa mtoto, naye yuko nyumba ya tatu kutoka msikitini." Mukbil alivuta miguu, pingu zikalia. "Ndiyo maana alilipeleka jino. Na ndiyo maana alinishika mkono. Alichagua. Ningekuwa yeye, labda… Hapana. Sijui ningekuwa nani."

"Siwezi kuichana karatasi, Mukbil."

"Nani kasema uichane? Usinitazame hivyo, mimi si sheikh. Nataka kuishi. Nataka kutoka humu nikale nyama." Akasogea mbele, sauti ikashuka. "Nauliza tu, iko wapi?"

"Mfukoni."

"Mwendesha mashitaka?"

"Saa hizi? Shavu limejaa. Hata aletewe karatasi na malaika, atamwambia rudi kesho."

"Basi kuna alasiri nzima na usiku wake." Mukbil alirudisha mgongo ukutani, akafumba macho. "Yuko getini. Siku hizi anakuja saa hizi. Mwambie aondoke na mtoto, leo. Asipite njia ya Bonde."

"Nimwambie nini kingine?"

"Umenisikia."

*

Wanawake walikuwa wamekaa chini ya paa la bati nje ya geti, wote kwenye mabuibui meusi, kila mmoja na sufuria yake imefungwa kitambaa. Mlinzi aliita jina la Mukbil na mmoja akasimama, Arwa. Hizam alimwongoza mpaka kwenye pembe ya ukuta, mbali na masikio.

"Fundi Sinan amezungumza, Mama Haitham."

Macho yake hayakubadilika. Ni mikono iliyoibana sufuria.

"Haikupangwa iwe hivi," alisema. "Ilikuwa iwe ajali. Gari limeteleza kwenye mvua, basi. Mukbil na mdomo wake! Nani alimtuma aende akapige kelele barazani?"

"Alama za mkononi mwako."

Aliushusha mkono ndani ya nguo.

"Nilidhani watachukua fidia," alisema. "Nilikwenda kwa ndugu za Ghalib, nikapiga magoti kwa kila mmoja. Wangechukua ningemtoa, Afande. Nilikuwa nasema kesho watakubali. Kila siku nasema kesho."

"Yule ndani ya gari ni nani?"

"Mgeni. Alifia njiani, hakuwa na mtu. Ghalib ndiye aliyemleta."

"Jina lake?"

"Sikuuliza."

Hizam aliisogeza pembe ya kanzu yake mbali na maji ya bati. Huyo naye atakuwa na mama mahali fulani, anayeuliza wasafiri. Kazi ya kesho kutwa.

"Karatasi inasomwa kesho asubuhi," alisema. "Mimi leo sina mtu wa kumpelekea. Kaka yako anasema uondoke na mtoto, leo. Msipite njia ya Bonde."

"Anajua, basi."

"Anajua."

"Na mimi? Kuhusu mimi amesemaje?"

"Amesema uondoke na mtoto."

Alisubiri. Aliitazama midomo ya Hizam kana kwamba kuna neno limekwama kwenye lile pengo la jino na litatoka akivumilia. Halikutoka. Basi aliinama akaiweka sufuria chini, kwa taratibu, kitambaa hakikulegea, akashika njia kando ya ukuta. Alitembea kama wanawake wote wanavyotembea. Alipokata kona Hizam alisikia viatu vyake vikianza kukimbia.

Mlinzi alikuja akafungua kitambaa, akanusa. "Mkate wa lahuhi na mchuzi wa kondoo mwenyewe! Nimpelekee mtu wake, au ndiyo kidhibiti?"

"Mpelekee."

Hizam alisimama chini ya bati, akawasha sigara, ikalowa, akawasha nyingine. Ilikuwa imekwisha mlinzi aliporudi, sufuria tupu inaning'inia kidoleni.

"Amekula?"

"Chote, Afande. Kaifuta sufuria kwa mkate mpaka inang'aa." Mlinzi aliinyoosha, akitafuta kati ya wanawake wa kumpa. "Halafu kasema nimwambie mwenye sufuria asirudi kuichukua."